Kulipia Njia ya Haraka Kwenye Bustani za Burudani: Lini Ulipe, Lini Uache

Kabla hujalipa chochote, mpime mtoto. Mvishe viatu atakavyotembelea, msimamishe ukutani, chukua futikamba, kisha uandike kimo chake mahali ambapo hutakipoteza. Mchezo wa Seven Dwarfs Mine Train pale Magic Kingdom, bustani ya Disney hapa Florida, unataka sentimita 97. Kwenye bustani nyingine za Disney na hapohapo, Rise of the Resistance inataka 102, Cosmic Rewind 107, Flight of Passage 112, na TRON 122. Ukienda Universal, washindani wa Disney, VelociCoaster haimpokei aliye chini ya sentimita 130. Mfanyakazi wa mlangoni ana kipimo chake, na hawezi kukilegeza kwa machozi wala kwa risiti. Mtoto wa sentimita 100 aliyelipiwa TRON atabaki nje, na malipo ya namna hii kwa kawaida hayarudishwi.

Naanza na futikamba kwa sababu njia ya haraka, yaani mlango wa pembeni wa kuikwepa foleni ya kawaida ya mchezo, huuzwa kwa kichwa. Kila jina unaloliweka alama kwenye simu ni pesa nyingine, na simu haijui kwamba mwanao Amani ana miaka minne, au kwamba bibi yake hataki hata kusikia habari za rolakosta.

Mimi naishi Florida. Dada zangu, mawifi zangu na watoto wao wakija likizo, kazi ya kupanga siku ya bustanini huangukia kwangu, nami naipenda. Wengi wananiuliza swali moja: tulipe au tusilipe? Msimamo wangu ni huu. Usilipie siku nzima kwa watu wote kwa sababu tu kila mtu anafanya hivyo. Lipia foleni ile ambayo ikikupata itaiharibu siku yenu, na uamuzi huo ufanywe nyumbani, familia nzima ikijua, si getini huku jua linawaka na watoto wanavuta mikono.

Unachonunua hasa

Watu wengi wanadhani wananunua kasi. Mchezo hauendi kasi zaidi kwa sababu umelipa, wala hauongezewi viti. Tuseme mchezo unabeba watu 1,200 kwa saa, na mbele yako wamesimama watu 600. Utapanda baada ya nusu saa. Sasa tuseme nusu ya viti vinapewa watu wanaoingia kwa njia ya haraka. Foleni yako inabakiwa na viti 600 kwa saa, na watu walewale 600 walioko mbele yako sasa ni saa nzima. Hakuna aliyeongezeka kwenye foleni yenu, ila mnasogea kwa nusu ya mwendo. Muda anaookoa aliyelipa unatoka kwa yule ambaye hakulipa. Nataka ulijue hilo kabla ya kununua, kwa sababu ndilo chimbuko la hasira utakazoziona huko, na utazielewa.

Zamani haikuwa hivi. Disney walianzisha FastPass mwaka 1999, na ilikuwa bure. Uliingiza tiketi yako kwenye mashine karibu na mchezo, ukapewa karatasi yenye saa ya kurudi, ukaenda zako kula au kutazama maonyesho. Mwenye pesa na asiye nazo walipata karatasi ileile. Aliyeamka mapema na kutembea haraka ndiye aliyefaidi. Baadaye Disney ya Florida ikahamia kwenye simu na bangili, bado bure. Bustani zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, FastPass nayo ikasimama, na haikurudi tena. Disneyland Paris ilianza kuuza nafasi kwa mchezo mmoja mmoja Agosti 2021. Florida ikafuata Oktoba mwaka huohuo na huduma ya kulipia iitwayo Genie+, dola 15 kwa mtu kwa siku, na California Desemba kwa dola 20.

Wageni walikasirika kwelikweli. Waliokuwa wakienda kila mwaka walijiona wameuziwa kitu kilichokuwa chao. Lakini Februari 2022 mkurugenzi mkuu wa Disney wa wakati huo, Bob Chapek, aliwaambia wawekezaji kwamba zaidi ya theluthi moja ya wageni wa bustani za Marekani walikuwa wakinunua, na wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka walipita nusu. Hapo ndipo nilipoacha kutarajia kwamba ya bure itarudi. Julai 2024 jina la Genie+ likabadilika kuwa Lightning Lane Multi Pass, na Florida ikarudisha utaratibu wa kuweka nafasi siku kadhaa kabla ya kufika, safari hii kwa malipo.

Zinazouzwa si za aina moja

Hapa ndipo wageni hupotea, kwa hiyo soma polepole. Kwa Disney, Multi Pass ni ya siku nzima: unalipa mara moja, unachagua michezo kadhaa, kila mchezo mara moja tu kwa siku. Bei inabadilika kwa tarehe na kwa bustani. Single Pass ni ya mchezo mmoja, ule unaotafutwa zaidi, ambao haumo kwenye Multi Pass. Ukinunua Multi Pass ukidhani TRON imo, utafika mlangoni uambiwe ni malipo mengine. Juu ya hizo kuna Premier Pass, iliyoanza mwishoni mwa Oktoba 2024: unaingia njia ya haraka saa yoyote bila kupanga, mara moja kwa kila mchezo. Ilipozinduliwa Florida bei yake ilikuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku, kulingana na bustani na tarehe. Siwezi kumshauri mtu yeyote wa familia yangu kuinunua. Kwa familia ya watu wanne, hiyo ni nauli ya mtu mmoja kuja Florida.

Universal wana Express. Hiyo haina saa ya kurudi. Unakwenda tu kwenye mlango wake wakati unaotaka. Siku za msongamano bei yake inaweza kuzidi ya tiketi yenyewe ya kuingilia. Lakini ipo njia halali ya kuipata bila kuinunua peke yake, na nashangaa wangapi hawaijui: hoteli tatu za Universal, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa kila mgeni Express isiyo na kikomo kwa Universal Studios Florida na Islands of Adventure, siku ya kufika na siku ya kuondoka zikiwemo. Usiku mmoja wa hoteli, siku mbili za Express kwa wote waliomo chumbani. Mkiwa wanne, piga hesabu hiyo kwanza. Epic Universe, bustani yao mpya iliyofunguliwa Mei 2025, haimo kwenye ofa hiyo.

Nje ya Marekani, Disneyland Paris na Tokyo huuza Premier Access kwa mchezo mmoja mmoja. Tokyo unanunua kwa simu baada ya kuingia getini, na bei niliyozoea kuiona ni kati ya yeni 1,500 na 2,500. Uingereza, Alton Towers wana Fastrack, ya mchezo mmoja au ya fungu la michezo. Kanuni za hapa chini zinafaa kotekote. Taratibu za kubonyeza ndizo zinazotofautiana.

Je, wewe ulipe?

Tazama tarehe kwanza. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, juma la Thanksgiving (sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba), na likizo za Machi na Aprili, Magic Kingdom bila njia ya haraka ni kusimama. Mwishoni mwa Agosti na Septemba, wanafunzi wa Marekani wakiwa wamerudi shule, mtu aliyeamka mapema anaweza kupanda karibu kila anachotaka bila kuongeza senti.

Kisha jiulize mnakwenda bustani gani ya Disney hapa Florida. Kwa Magic Kingdom mimi hulipa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa michezo ni mingi na watoto wa rika zote wanaipanda pamoja. Hollywood Studios vilevile, kwa sababu ina foleni chache lakini ndefu sana. Animal Kingdom silipi Multi Pass. Michezo yake mikubwa ni michache, na mkifika kabla ya geti kufunguliwa mkaenda moja kwa moja kwenye ule mmoja mnaoutaka, saa mbili baadaye mmemaliza kazi na siku nzima ni ya kutazama wanyama.

Halafu hesabu. Tuseme bei ya siku ni dola 30 nanyi ni watano: dola 150, na kodi juu yake. Andika kwenye karatasi foleni mnazotaka kuzikwepa na makadirio ya muda wake. Kama ni tatu za saa moja moja, na kwa njia ya haraka mtasubiri kama robo saa kila moja, mmenunua saa mbili na robo. Je, saa hizo zina thamani ya dola 150 kwenu? Kwa familia iliyosafiri kutoka mbali na yenye siku moja tu, mara nyingi ndiyo. Kwa familia yenye siku nne, mara nyingi hapana. Kama orodha ina foleni moja tu ya kutisha, nunua Single Pass ya huo mchezo, au amkeni mapema kwa ajili yake, yaliyobaki myaache.

Wapo watu msiopaswa kuwalipia kabisa. Aliye chini ya miaka mitatu hahitaji tiketi wala Multi Pass. Bibi anayekuja kutazama wajukuu hahitaji. Na mzazi anayebaki na mtoto mdogo ana Rider Switch, ambayo ni bure: mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana, na wa pili anaingia kwa njia ya haraka bila kusimama foleni upya. Mwambie mfanyakazi wa mlangoni kabla hamjaingia, mtoto mdogo akiwa nanyi amuone.

Jambo moja zito zaidi. Kama mnaye mtu mwenye usonji au ulemavu mwingine wa ukuaji unaomfanya asiweze kuvumilia foleni, usinunue chochote kwanza. Disney wana huduma ya bure iitwayo DAS, ya wasioweza kusimama kwenye foleni, inayoombwa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Tangu 2024 masharti yake yamekazwa, na wengi waliokuwa wakiipata zamani wameikosa, jambo ambalo limewaumiza watu ninaowajua. Hata hivyo omba mapema, ujue jibu, ndipo upange pesa. Kwa mwenye magoti mabovu kama mama yangu, huduma inayofaa ni kiti cha magurudumu cha kukodi, kwa kuwa foleni nyingi kinapita.

Kuweka nafasi, hatua kwa hatua

Nazungumzia Walt Disney World hapa, yaani bustani za Disney za Florida, maana ndiyo yenye mtego wa saa.

Juma mbili kabla, pakua programu yao ya simu, My Disney Experience. Fungua akaunti moja ya mtu mmoja atakayeshika usukani. Unganisha tiketi zote kwenye akaunti hiyo, kila jina kwa tiketi yake. Ingiza kadi ya benki na uijaribu kwa kununua kitu kidogo mapema ikiwezekana, maana benki nyingi husimamisha malipo ya ghafla kutoka nchi nyingine, na asubuhi ya kuweka nafasi si wakati wa kuzungumza na benki.

Wageni wa hoteli za Disney wanaruhusiwa kuweka nafasi siku saba kabla ya siku ya kufika, na kwa siku zote za kukaa kwao hadi 14. Wengine wote ni siku tatu kabla ya kila siku ya bustani. Dirisha hufunguka saa moja kamili asubuhi kwa saa za Florida. Aliye Afrika Mashariki, hiyo ni saa nane mchana wakati saa za Marekani zimesogezwa mbele, yaani kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa tisa mchana miezi iliyobaki. Weka kengele dakika 20 kabla. Ingia kwenye programu, hakikisha haijakutoa, chagua watu wako.

Utaruhusiwa kuchagua michezo mitatu ya kuanzia. Magic Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios wamegawa michezo makundi mawili: unachukua mmoja kutoka kundi la wanaotafutwa sana, na miwili kutoka kundi la pili. Animal Kingdom haina makundi. Amua kabla, kwa maandishi, chaguo la kwanza na la pili. Pale Hollywood Studios, Slinky Dog Dash ndiyo huisha mapema kuliko karibu zote, kwa sababu inawafaa watoto wa sentimita 97 na kuendelea, na haibebi watu wengi. Ukiitaka, ianze hiyo.

Sasa, saa. Watu wanapenda kujiwekea nafasi za mchana ili walale asubuhi. Kama unalipa, fanya kinyume chake: chukua saa za mapema kadiri unavyoweza, zifuatane. Sababu ni kwamba ukishautumia mchezo wa kwanza kati ya ile mitatu, mfumo unakuruhusu kuchagua mwingine papo hapo. Aliyeweka wa kwanza saa tatu asubuhi anaanza kuongeza saa tatu asubuhi. Aliyeweka wa kwanza saa tisa mchana amejifunga mikono hadi saa tisa, na bei waliyolipa ni ileile. Hili peke yake ndilo linalotofautisha familia iliyopanda michezo minane na iliyopanda mitatu.

Angalia ramani pia. Space Mountain na Tiana's Bayou Adventure ziko pande mbili zinazotazamana za Magic Kingdom. Ukiziweka nafasi zinazogusana, mtatembea na watoto mbiombio katikati ya umati mkubwa. Na kuanzia Juni hadi Septemba, michezo ya nje iwe asubuhi. Radi za Florida hupiga mchana, na radi ikikaribia, michezo ya nje hufungwa mara moja.

California ni tofauti: pale Disneyland unaweza kununua Multi Pass pamoja na tiketi, lakini michezo huchagui mpaka uwe umeingia getini, mmoja mmoja. Kwa hiyo hakuna kengele ya kuamkia. Kuna kufika mapema tu.

Siku yenyewe

Simu ndiyo tiketi, ndiyo ramani, ndiyo saa. Beba betri ya akiba iliyojaa. Kila nafasi ina muda wa saa moja wa kurudi, na kwa kawaida mfumo huvumilia dakika tano kabla na dakika kumi na tano baada, lakini usijenge siku yako juu ya uvumilivu huo. Ukiona mtachelewa, fungua programu ubadilishe saa kabla muda haujapita.

Mara tu mnapopita mashine ya kwanza ya kusoma tiketi mlangoni, yule aliyeshika simu achague mchezo unaofuata akiwa bado anatembea kwenye njia. Usisubiri mpaka mshuke. Kama unaoutaka una nafasi ya jioni tu, uchukue, halafu rudi kuuangalia tena na tena. Watu wanabadilisha mipango siku nzima, na nafasi za mapema hujitokeza. Lakini ukiona umeanza kumwambia mtoto "subiri kidogo" kila dakika kwa sababu ya simu, iweke mfukoni. Hilo ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote kutoka kwa wazazi waliolipa: walikuja kuwaona watoto wakicheka, wakaishia kutazama kioo. Nawapa haki kabisa. Ndiyo maana nasema mtu mmoja tu ashike usukani, na wengine wawe huru.

Ukiamua kutolipa

Siku ya kutolipa inaweza kuwa nzuri sana ikiwa na mpangilio. Fikeni getini dakika 45 kabla. Wageni wa hoteli za Disney huingia nusu saa mapema, na nusu hiyo ni dhahabu. Nendeni kwenye foleni mbaya kuliko zote kwanza, bila kusimama kupiga picha za kasri. Saa tano foleni zikianza kunenepa, hamieni kwenye maonyesho ya ndani, michezo ya mashua, chakula. Gwaride linapopita, watu hutoka foleni kwenda kulitazama, nanyi mnaingia. Na kumbuka kwamba aliyeingia kwenye foleni dakika moja kabla ya bustani kufungwa bado atapanda. Foleni ya mwisho ya usiku mara nyingi huwa fupi kuliko inavyoandikwa kwenye ubao.

Mliokwenda watu wazima tupu, tafuteni mlango wa mtu mmoja mmoja, unaojaza viti vinavyobaki. Expedition Everest na Smugglers Run wanao. Mtakaa viti tofauti, lakini mtatoka pamoja.

Pale njia mbili zinapokutana

Karibu na mwisho wa foleni kuna mahali ambapo njia ya haraka na ya kawaida zinaungana. Mfanyakazi, mara nyingi kijana mdogo, anasimama hapo na kunyoosha mkono: nyie subirini, hawa wapite. Nimesimama pande zote mbili za ule mkono, na nina la kusema juu ya kila upande.

Kwenye bustani moja, mpwa wangu wa miaka saba aliniuliza kwa sauti kubwa kwa nini wale wanapita na sisi tumekaa hapa tangu zamani. Mama yake akamjibu bila kusita: "Wamelipa pesa ya ziada ili wapite. Sisi pesa yetu tumeiweka kwa chakula cha jioni mle ndani ya hoteli ya wanyama." Mtoto akauliza kama kutakuwa na twiga, ikaisha. Jibu lilikuwa kweli, lilikuwa fupi, na halikumdhalilisha mtu. Ningependa kila mzazi aliandae jibu lake kabla ya kuingia foleni, kwa sababu swali litakuja. Msimwambie mtoto kwamba wale ni wezi wa foleni. Wamefuata utaratibu uliowekwa. Msimwambie pia kwamba sisi ni maskini. Mwambieni mmechagua nini.

Ukiwa upande uliolipa, pita kwa heshima. Usiwapungie mkono waliosimama, usiwaache watoto wacheke, usijirekodi video ukiwapita. Wale watu wamesimama saa nzima, na sehemu ya saa hiyo ni yako. Nimeona mtu mzima akitukanwa pale kwa sababu alijitapa, na ugomvi ukawaharibia watoto wa pande zote mbili.

Na yule kijana mwenye mkono hakupanga bei. Hasira yako kuhusu mfumo ni halali, nami ninayo, lakini iandikie ofisi: kila bustani kubwa ina dodoso la baada ya ziara, na barua pepe ya huduma kwa wageni. Andika tarehe, mchezo, muda ulioandikwa kwenye ubao na muda mliosubiri kweli. Malalamiko yenye takwimu hayawezi kupuuzwa kirahisi kama kelele za mlangoni.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa ndani ya familia. Ndugu wawili wanasafiri pamoja, mmoja ana uwezo, mwingine amejikokota kufika. Mmoja akinunua kwa watoto wake, watoto wa mwenzake watasimama foleni ya kawaida huku binamu zao wakipita. Siku hiyo haitasahaulika, na si kwa uzuri. Katika familia yetu tumekubaliana: ama watoto wote wanapita, ama hakuna anayepita. Mwenye uwezo akitaka kutoa, anachagua mchezo mmoja na kuwalipia watoto wote huo mmoja, na anasema mapema kwa mzazi mwenzake faraghani, si mbele ya watoto wala getini, ili apate nafasi ya kukubali au kukataa bila kuaibika. Wifi yangu aliwahi kukataa kwa upole, tukaacha, tukaamka saa kumi na moja alfajiri badala yake. Watoto walipanda kila walichotaka kabla ya saa tano.

Mambo yakienda mrama

Mchezo ukiharibika wakati wa nafasi yenu ya Multi Pass, msikimbie kulalamika. Nafasi hiyo hugeuka kwenye simu kuwa ruhusa ya kutumia kwenye michezo mingine iliyoorodheshwa, muda wowote uliobaki wa siku hiyo, au kwenye huohuo ukifunguliwa tena. Soma orodha kwa makini kabla ya kuitumia. Msiiteketeze kwenye mchezo wenye foleni ya dakika kumi.

Kwa Single Pass, au kwa nafasi mliyolipia mkanyimwa kwa kosa la mfumo, nendeni kwa wahudumu wa wageni, wale wenye miavuli ya buluu katikati ya bustani, au ofisi iliyo karibu na geti. Nendeni siku hiyohiyo, kabla hamjatoka, mkiwa na picha ya kioo cha simu inayoonyesha nafasi na saa, na risiti ya kadi. Omba kwa utulivu kitu mahususi: kurudishiwa pesa, au nafasi kwenye mchezo fulani. Ukishapita geti kurudi kwenye gari, utabaki na barua pepe na simu za kusubirishwa, na ukiwa tayari umesharudi kwenu, jibu linaweza kuchukua majuma.